Milioni Moja na Robo kwa Ajili ya Kusikilizwa

Kwa miezi kadhaa sasa, magrupu ya WhatsApp ya watangazaji na waingiza sauti (wanaosoma matangazo, tamthilia na video) wa Mbeya, Iringa na Njombe yamejaa mjadala mmoja. Vijana wenye sauti nzuri, wengi wao wakijitolea kwenye redio za mikoani au wakiwa wamemaliza chuo na hawajapata pa kushika, wanauziwa mafunzo ya mtandaoni yanayowaambia kwamba sauti yao inaweza kuwaingizia dola bila kutoka chumbani. Hitimisho la mafunzo hayo halibadiliki: fungua akaunti kwenye tovuti ya kimataifa ya usaili wa sauti, lipia uanachama wa mwaka, anza kutuma sampuli za sauti yako kwa wateja. Waliolipa wakakaa miezi bila kazi wanasema wametapeliwa. Wanaouza mafunzo wanajibu kwamba hao walikosa subira. Nimeufuatilia mjadala huu kwa karibu kwa sababu naandaa matangazo ya sauti hapa Mbeya na wengi wa wanaobishana nawafahamu, na naona pande zote mbili zimeshika swali lisilo lenyewe.

Tovuti kubwa za usaili wa sauti ni biashara halali, na wapo watu duniani wanaoendesha maisha yao kwa kazi zinazopatikana humo. Hata hivyo, kwa mtu anayeanza, anayefanya kazi kwa Kiswahili, anayeishi nyumba ya kupanga Ilomba au Kihesa, ada ile kwa sasa hailipi. Sababu iko kwenye kile hasa kinachouzwa. Anayelipa ada hapati kazi wala mteja. Anapata haki ya kutuma sampuli yake isikilizwe pamoja na za wengine. Thamani ya haki hiyo inategemea kazi ngapi za lugha yako hupita pale, watu wangapi wanazigombania, na wewe una nini cha kukutofautisha nao. Kwa Kiswahili, leo, hesabu hiyo inaelemea upande wa hasara, na kijana anayekopa ili alipie anastahili kuambiwa hivyo kabla hajakopa.

Tufahamu kwanza tovuti hizi zilitoka wapi. Voice123 ilianza mwaka 2003. Voices, iliyoanzishwa na mtu na mkewe, David na Stephanie Ciccarelli, katika mji wa London ulioko jimbo la Ontario nchini Kanada, ilikuja karibu na wakati huohuo. Bodalgo ya Ujerumani ikafuata mwaka 2008. Kabla ya tovuti hizi, mwingiza sauti wa Marekani alipata kazi kubwa kupitia wakala, na wakala huyo alikuwa na ofisi New York, Los Angeles au Chicago. Aliyeishi mji mdogo hakuwa na njia. Intaneti ya kasi na maiki za bei nafuu zilipofika, tovuti zikamwambia huyo wa mji mdogo: rekodi hapohapo nyumbani, sisi tutakuunganisha na mteja. Hilo lilikuwa badiliko la kweli na lilifungua milango mingi. Lakini lilibadili pia mtindo wa malipo. Wakala wa zamani alikula pale tu ulipokula wewe, kwa kuchukua asilimia ya kazi uliyopata. Tovuti ya uanachama inakula mwanzoni mwa mwaka, upate kazi au usipate. Biashara hiyo ilikua kiasi kwamba mwaka 2017 Voices ilipata mtaji wa dola milioni 18 kutoka kitengo cha uwekezaji cha Morgan Stanley, na mwaka huohuo ikainunua Voicebank, mtandao ambao mawakala wa Marekani walikuwa wakiutumia kupokea kazi.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Mteja anaandika tangazo: nataka sauti ya kike, umri wa kati, lugha fulani, dakika mbili za video ya mafunzo, bajeti kiasi hiki. Mfumo unachuja na kuwapelekea wanachama wanaoonekana kufaa. Wao wanarekodi kipande cha maandishi aliyotoa, wanakituma, mteja anasikiliza na kuchagua mmoja. Asiyelipa anaweza kuwa na ukurasa wa wasifu na akasubiri atafutwe, ila milango ya kuomba kazi mwenyewe kwa kawaida imefungwa. Kila kampuni ina bei na masharti yake. Ada ya mwaka ya Voices kwa miaka mingi imekuwa dola 499, na juu ya ada hiyo kampuni huchukua pia sehemu ya pesa ya kazi. Voice123 na Bodalgo hazikati kamisheni, wanategemea uanachama. Na kwa Voice123 kuna madaraja, ambapo anayelipia daraja la juu hupelekewa nafasi nyingi zaidi, na daraja la juu kabisa hufika maelfu ya dola. Fiverr, soko la mtandaoni la kazi za kila aina, iko upande wa pili: kujiunga ni bure, lakini ukiuza kazi ya dola 100 unabaki na 80.

Sasa tuipige hesabu kwa shilingi. Tukichukua dola moja kwa shilingi 2,500, dola 499 ni kama milioni moja na robo. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, baada ya nyongeza iliyoanza Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Kwa hiyo tunazungumzia mshahara wa miezi miwili na nusu wa mtu aliyeajiriwa serikalini, unaotolewa na kijana ambaye mara nyingi redioni halipwi mshahara, anapewa nauli na ahadi. Kwa Mmarekani kiasi hicho ni gharama ya kawaida ya kuendesha biashara ndogo. Kwa kijana wa Nzovwe au Ipogolo ni mtaji mzima wa maisha, na ndiyo maana ushauri uliotafsiriwa kutoka kwa walimu wa huko haumfai bila kupimwa upya.

Upande unaosema ni utapeli una hoja moja kuu: popote unapotakiwa kutoa pesa ili upate kazi, kimbia. Kama kanuni ya kujilinda mtaani, ni nzuri. Kuna magrupu mengi yanayotoza ada ya usajili ya elfu kumi au ishirini kwa usaili wa tamthilia au tangazo ambalo halipo, na mwenye namba hupotea siku ya tatu. Lakini kuitumia kanuni hiyo dhidi ya kila ada ni kukosea. Fundi cherehani wa Mwanjelwa hulipa kodi ya frem ya miezi sita kabla hajapata mteja wa kwanza, na hakuna anayesema mwenye frem kamtapeli. Analipia mahali ambapo wateja hupita. Tovuti ya usaili inajieleza hivyohivyo, na maelezo hayo yana ukweli ndani yake.

Isipokuwa kwamba mwenye frem hawezi kuikodisha frem moja kwa mafundi elfu moja kwa wakati mmoja. Kuta zinamzuia. Tovuti haina kuta. Mapato yake ya uanachama huongezeka kila anapojiunga mtu mpya, hata kama idadi ya kazi imebaki palepale, na kila anayejiunga anapunguza nafasi ya waliotangulia kuchaguliwa. Simaanishi kwamba wenye tovuti wana nia mbaya. Baadhi yao wameweka ukomo wa sampuli kwa kila kazi ili mteja asizidiwe. Nasema mfumo wenyewe, kwa jinsi ulivyojengwa, hauna kinachoulazimisha kuleta kazi za Kiswahili kwa kiwango kinacholingana na Waswahili inaowapokea. Wakala anayelipwa kwa asilimia angeumia pamoja nawe mwaka ukipita bila kazi.

Wasiwasi huu hatukuuanzisha sisi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997, ibara ya 7, unakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada, moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa pale mamlaka za nchi zinaporuhusu kwa aina fulani za kazi au huduma. Jimbo la California, ambako sanaa ya kuigiza ni uchumi mzima, lilipitisha mwaka 2009 sheria inayojulikana kwa jina la mbunge wa jimbo hilo Paul Krekorian. Sheria hiyo inakataza kumtoza msanii pesa ili asailiwe, na kampuni zinazouza orodha za nafasi za kazi kwa wasanii zinatakiwa kuweka dhamana ya dola 50,000 na kumpa msanii haki ya kuvunja mkataba ndani ya siku 10 za kazi. Mwaka 2017 mwanasheria wa jiji la Los Angeles aliwafungulia mashtaka watu 25 waliohusishwa na semina ambazo waigizaji walizilipia ili waonwe na wachagua waigizaji. Tovuti za sauti husema zenyewe ni soko na uwanja wa kujitangaza, haziko kwenye kundi la mawakala, na hoja hiyo kisheria ina nguvu yake. Kinachonigusa ni kwamba hata nchi iliyozizalisha kampuni nyingi za aina hii iliona mtafuta kazi anayelipa kabla ya kupata ana hitaji la ulinzi wa pekee. Kijana wetu analipa kwa kampuni iliyoko bara jingine, kwa masharti aliyobofya bila kuyasoma, na hana ofisi ya kwenda kugonga.

Hoja nzito zaidi ya wanaotetea ada haihusu dola kabisa. Inahusu Dar es Salaam. Kazi nyingi nono za sauti za nchi hii, za benki, mitandao ya simu, vinywaji na wizara, huamuliwa Dar, na mashirika ya matangazo ya kule huwapigia simu watu walewale wanaowajua, ambao wanaweza kufika studio Mikocheni ndani ya saa moja. Mtu aliyeko Mbeya, kilomita zaidi ya 800 kutoka pale, hata awe na sauti ya kumsimamisha mpita njia, hayumo kwenye orodha. Tovuti haimuulizi anatoka wapi. Hapo nakubaliana nao kabisa, na ningependa wasomaji walioko Dar walitafakari hilo. Vipaji vya huku vimekuwa vikikosa mlango kwa muda mrefu: mtangazaji wa Baraka FM au Bomba FM, wa Ebony FM au Nuru FM pale Iringa, anaweza kusoma taarifa ya habari ya dakika kumi bila kujikwaa, na hakuna shirika la matangazo lililowahi kusikia demo yake, yaani rekodi ya mfano wa sauti yake.

Lakini mlango uliofungwa Dar haumaanishi kwamba mlango wa Toronto, kule Kanada, uko wazi kwa Kiswahili. Tazama kazi kubwa za Kiswahili za miaka hii zilipitia wapi. Tamthilia ya Kichina ya Mau Doudou ilipoonyeshwa TBC mwaka 2011 kwa Kiswahili, ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. StarTimes walipotaka sauti za Kiswahili mwaka 2016, waliandaa shindano la wazi, watu wakasimama mbele ya majaji, washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi. Azam nao wamekuwa wakiingiza Kiswahili kwenye tamthilia za Kituruki, na sauti zinarekodiwa hapahapa nchini. Kazi ya aina hii, inayochukua miezi na kulea fani, inataka watu waliokaa chumba kimoja na mwongozaji. Zinazofika kwenye tovuti za uanachama kwa Kiswahili, kwa kadiri ninavyoziona, ni vipande: ujumbe wa simu wa kampuni inayofungua huduma Afrika Mashariki, video ya mafunzo ya shirika la afya, sauti ya programu ya simu. Ni kazi halali na nyingine hulipa vizuri, ila ni chache, na mara nyingi mteja hajui tofauti kati ya Kiswahili cha Nairobi na cha Iringa, kwa hiyo unashindana na kila mzungumzaji kutoka Mombasa hadi Goma.

Kuna wanaojibu: basi tuingie kwenye Kiingereza, ndiko kazi ziliko. Wachache wanaweza. Kwa wengine huko ni kwenda kushindana na watu ambao lugha hiyo ndiyo waliyozaliwa nayo.

Na kuna suala la chumba. Binti mmoja ninayemfahamu amepanga Ilomba, jirani na barabara kuu iendayo Tunduma. Sauti yake ni tulivu, ya chini kidogo, ya mtu unayemwamini akikueleza dozi ya dawa ya mtoto. Godoro ameliegemeza ukutani, mablanketi mawili mazito ameyaning'iniza kwenye kamba ya nguo, maiki ya USB iko juu ya ndoo iliyogeuzwa na kufunikwa khanga, dirisha limezibwa kwa mto. Anavaa hedifoni, anabonyeza kurekodi, anakaa kimya kwanza asikilize chumba. Lori la kwenda Zambia linapunguza mwendo na mngurumo wa breki zake unaingia hadi ndani ya blanketi. Anafuta. Anaanza upya, bodaboda anapita. Kipimo kinachotajwa sana kwenye kazi hizi ni kile cha ACX, jukwaa la Amazon la vitabu vya kusikiliza: kelele za chumba zikae chini ya desibeli hasi 60. Mchana chumba chake hakikaribii hapo. Kati ya Novemba na Aprili kuna mvua juu ya bati, na mvua ya Mbeya ikianza hakuna blanketi linaloisaidia. Utulivu unapatikana baada ya saa 5 usiku. Kazi iliyotangazwa Toronto saa 4 asubuhi kwa saa za kule imefika kwake kama saa 11 jioni, na saa sita baadaye mteja anaweza kuwa ameshasikiliza sampuli za kumtosha akafunga ukurasa. Niongeze kwamba ACX yenyewe, ambayo walimu wa mafunzo hupenda kuitaja, hupokea wasomaji wanaoishi Marekani, Uingereza, Kanada na Ireland tu.

Sasa nifike kwenye hoja inayouza uanachama kuliko zote: kazi moja tu inarudisha ada. Hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na inasemwa kwa ujasiri mkubwa. Zipo kazi moja moja za dola 500, ndiyo, kwa tangazo la biashara la nchi kubwa au video ndefu. Kazi ambazo anayeanza kwa Kiswahili anaweza kuzitarajia ni ndogo zaidi; tuseme dola 100. Anahitaji tano kurudisha ada tu, na hapo hajahesabu bando, maiki, umeme, wala muda. Muda ndio mkubwa. Kila sampuli ni kusoma maelekezo, kurekodi mara kadhaa, kusafisha, kuhariri, kutuma. Nusu saa kwa mwenye mazoea, zaidi kwa mgeni. Sampuli zote ambazo hazikuchaguliwa ni kazi iliyofanyika bila malipo. Isitoshe, mwanachama wa daraja la chini hushindana na waliolipia daraja la juu na wenye miaka kumi ya maoni mazuri kwenye wasifu wao, na mifumo hii huwapandisha waliokwisha kufanikiwa. Ushuhuda wa aliyerudisha ada kwa kazi moja ni wa kweli kwake, lakini walionyamaza baada ya mwaka kuisha hawaalikwi kutoa ushuhuda.

Halafu pesa iingie. Kulipa ada ni rahisi siku hizi. Unatengeneza kadi ya mtandaoni kupitia huduma ya pesa ya simu, umemaliza. Kupokea ndiko kwenye kazi. Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania imeweza kulipa bila kuweza kupokea, ndiyo maana wengi wamepitia Payoneer, au akaunti ya rafiki aliyeko Kenya, wakiomba Mungu urafiki usife kabla ya malipo kufika. Kila hatua ina makato. Kabla ya kulipia chochote, mtu ahakikishe kwa maandishi kutoka kwa tovuti yenyewe kwamba anaweza kulipwa akiwa Mbeya, na kwa njia gani.

Juu ya yote haya imekuja akili bandia, na hapa naogopa zaidi kuliko kwenye ada. Sehemu ya matangazo ya kazi za Kiswahili siku hizi haitafuti mtu wa kusoma tangazo. Inatafuta mtu wa kusoma mamia ya sentensi zisizohusiana, kwa utulivu, bila hisia. Hayo ni malighafi ya kufundishia mashine kuzungumza Kiswahili. Kazi hiyo si haramu. Mradi wa Common Voice wa Mozilla ulikusanya sauti za Kiswahili kwa uwazi, watu wakijitolea huku wakijua zinakwenda wapi, na mwaka 2021 ulipata dola milioni 3.4 kwa ajili ya Kiswahili. Tofauti ni kujua. Mwaka 2024 waigizaji wawili wa sauti wa New York, Paul Lehrman na Linnea Sage, waliishtaki kampuni ya Lovo wakidai kwamba sauti walizorekodi kwa wateja wasiojulikana kupitia Fiverr, wakiahidiwa kwamba ni kwa utafiti na majaribio ya ndani, ziligeuzwa kuwa sauti za mashine na kuuzwa. Mwaka 2025 jaji alitupa baadhi ya madai yao na kuruhusu mengine yaendelee. Hao wana mawakili na wanaishi mji ambao mahakama iko jirani. Kijana wa Makambako aliyelipwa dola 60 kwa sentensi 1,000 na kukubali sharti la matumizi ya milele ataanzia wapi? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tuna sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999. Zote zinaweza kumsaidia mtu ambaye sauti yake imetumiwa kinyume cha makubaliano, lakini zinasaidia penye makubaliano ya kuonyesha. Na mtu aliyekwisha kulipa milioni moja na robo, ambaye mwaka unayoyoma bila kitu, ndiye atakayekubali sharti lolote ili angalau arudishe alichotoa. Ada kubwa inamfanya aharakishe kuuza kile ambacho hakiwezi kurudi.

Je, kuna anayepaswa kulipia? Yupo. Ni yule ambaye tayari ana wateja wa nje wanaorudi, ana chumba kinachofikia kipimo, ana demo tatu au nne zilizotengenezwa kwa kazi tofauti, anasoma Kiswahili na Kiingereza kwa kiwango kimoja, na ada ile kwake ni sehemu ndogo ya alichoingiza mwaka uliopita. Huyo aingie kwa mwaka mmoja, aandike kila sampuli na matokeo yake, na asilipie tena kama hesabu haikukaa. Anayeanza aweke wasifu wa bure kila mahali unapokubalika, auze kupitia majukwaa yanayokata baada ya kazi, na milioni ile aigawe: laki mbili tatu maiki, kiasi kingine chumba, kinachobaki nauli ya kwenda kuonana na wateja.

Maana wateja wapo, na wako karibu kuliko tunavyofundishwa. Nyanda za Juu Kusini zinalisha nchi. Kuna kampuni za mbegu na mbolea zinazohitaji sauti kila msimu, wasafirishaji wa parachichi wa Njombe na Rungwe wanaotengeneza video kwa wanunuzi wa nje, viwanda vya chai Mufindi, watoa huduma za utalii wanaouza safari za Ruaha, hospitali, vyuo, mashirika ya afya. Kila Agosti, viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya hujaa mabanda ya Nane Nane, na kwenye kila banda la pili kuna spika inayorudia sauti iliyorekodiwa Dar, au iliyorekodiwa kwa simu na mtoto wa mwenye kampuni. Hilo ni soko ambalo halijaguswa, kwa sababu wenye kampuni hawajui pa kuzipata sauti na wenye sauti wanatazama Toronto.

Kinachokosekana ni orodha. Redio za mikoa hii, pamoja na vyuo vinavyofundisha uandishi wa habari kama Chuo Kikuu cha Iringa, vinaweza kuanzisha ukurasa mmoja wenye demo za waingiza sauti wa Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Rukwa na Ruvuma. Kuwekwa humo kuwe bure. Ukurasa ujiendeshe kwa asilimia inayotozwa mteja kazi ikishapatikana, ili anayeuendesha awe na sababu ya kuwatafutia kazi waliomo. Uwe na bei ya chini inayojulikana kwa tangazo la sekunde 30, kwa ujumbe wa simu na kwa video ya mafunzo, maana leo kila mtu anajipunja gizani. Na uwe na mkataba mfupi wa Kiswahili unaosema sauti itatumika wapi, kwa muda gani, nani ataidhinisha ikitumika zaidi ya hapo, na kwamba haitafundishia mashine bila makubaliano mapya na malipo yake. Gharama ya kuuanzisha ni ndogo, pengine haifiki ada za uanachama za watu watatu, na ukianza sasa unaweza kuwa tayari kabla wenye mabanda hawajaanza kutafuta sauti za Nane Nane ijayo.